Aliyesali kwa Sauti ya Mwenzake

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu imechoka, mnivumilie. Tumemzika mzee tuliyemwita Siku Tatu, mchimba visima. Katika kipindi hiki nilimhoji mara tatu, na mara zote tatu alinisimulia habari tofauti. Mlipiga simu mkalalamika. Nilikuwa upande wenu.

Lenye uhakika ni hili. Kisima kilibomoka, wachimbaji wawili wakafukiwa. Siku ya tatu mmoja alitolewa hai, ndipo akapata jina lake. Mwenzake alitolewa maiti. Narudia: walifukiwa wawili, akapona mmoja.

Ya kule chini aliyajua yeye tu, naye alikuwa hodari wa kutia chumvi. Mara walilamba jiwe lenye unyevu. Mara malaika aliwaletea maji, tena ya baridi. Nikamuuliza, "Baridi ya friji, mzee?" Akanijibu bila aibu, "Friji gani, mwanangu? Wewe hujawahi kuwa na kiu." Jambo moja tu halikubadilika: mwenzake alisali kwa sauti mpaka pumzi ya mwisho.

Hilo ndilo mjane wa mwenzake alilokuwa akilifuata kila Jumamosi, miaka kumi na tisa. Alikaa sebuleni kwa Siku Tatu, akasikiliza, akaaga.

Wiki iliyopita, hospitalini, Siku Tatu alimwambia binti yake ukweli. Binti ameniambia, "Yule mwenzake alikufa papo hapo, udongo ulipoanguka tu. Baba aliogopa kubaki peke yake. Akawa anasali kwa sauti ya mwenzake, halafu anaitikia amina kwa sauti yake." Mzee alimsihi binti amwombee msamaha kwa mjane.

Binti alikwenda. Mjane alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilijua, mwanangu. Marehemu mume wangu hakujua sala hata moja. Watu wakisali, alikuwa anachezesha midomo tu."

"Sasa mama, mbona ulikuwa unakuja?"

"Kwingine kote alishakufa. Kwenu alikuwa bado anaongea."

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilimwita mzee huyu mwongo, hapa hapa hewani. Naona aibu. Hebu leo kila mmoja wetu ajiulize: ile habari aliyoicheka, ilikuwa inamshikilia nani?

Binti na ndugu wote, poleni sana. Na wewe mama mjane, pole kwa mara ya pili. Jumamosi hii mumeo hatasema kitu.