Wazee Wote Wameridhika

Tangu feri iondoke Likoni, Ummi alikuwa amewatega sikio majirani zake wa benchi, na macho kayaelekeza majini kama mtu asiyependa umbea.

Kijana wa tathmini, beji yake ikisema Kefa, alikuwa akimweleza Bi Mwanatatu jinsi mpango wa serikali wa pesa za wazee ulivyofanikiwa tangu pesa zianze kutumwa kwa simu. “Tulitaka kuwaondolea foleni ya kwa chifu, nyanya. Tumewapigia, na wote walioshika simu wameridhika.”

“Na wasio na simu?”

“Hao hawajalalamika.”

Ummi alikohoa ili asicheke.

“Mimi mlinipigia,” alisema Bi Mwanatatu. “Akashika mwanangu, Rashad. Simu anakaa nayo yeye huko Bamburi, na pesa zikiingia ni humo humo.”

“Yeye alisemaje?”

“Karidhika, wallahi! Kaweka arubuni ya bodaboda.”

Kefa alibofya tableti yake, uso ukimng'aa. “Kumbe hata ajira tumeleta!”

Feri iligonga ng'ambo. Bi Mwanatatu akachukua kapu lake.

“Na leo safari ya wapi, nyanya?”

“Bamburi, mwanangu. Kupanga foleni kwa Rashad. Nasikia mkewe keshatangulia.”