Mpishi Asiyeonja: Maisha ya Bi Mboni binti Uweso, 1934 hadi 1994

Wazee wangu mlioketi majamvini, shikamooni, mama zetu mlio ndani mnaosikiliza dirishani, shikamooni, na vijana wenzangu mliowahi hapa mapema kuliko mnavyowahi kazini, habari za msiba. Familia imenituma mimi Maulid, mjukuu wa marehemu, niwasomee maisha yake kabla hatujainua jeneza, kwa hoja kwamba mjukuu na bibi yake ni watani na neno la mtani halishitakiwi, nami nimekubali bila kubembelezwa, kwani tangu nilipoiaga shule darasa la tano sijamwona mtu hapa Usagara anayenizidi kusoma kwa sauti.

Marehemu Bi Mboni binti Uweso alizaliwa tarehe 12 Agosti 1934 katika kijiji cha Moa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Uweso, aliyekuwa na shamba la minazi, na mkewe Bi Mwatum, mwanamke aliyesifika kwa mikono ya kusuka mikeka na kwa ulimi wa kuwafumua watu. Bi Mwatum huyo alikuwa na ugonjwa wa sukari enzi ambazo watu waliuita jicho la hasidi, na mwaka 1961 alikatwa mguu wa kulia, mguu ukaoshwa, ukafungwa sanda, ukazikwa Moa, kisha mwenyewe akafariki mwaka 1963 akiwa kwa mwanawe Maramba, akazikwa hukohuko Maramba, hata leo anayetaka kumsomea dua mahali alipolazwa hana budi kupanda gari mara mbili. Bi Mboni aliyazuru makaburi yote mawili, na alipotoka kwenye la pili aliwaambia ndugu zake kwamba yeye, Mungu akipenda, atakwenda kwa Mola wake na miguu yake yote, safari moja, shimo moja. Miguu hiyo ndiyo aliyoipigania maisha yake yaliyobaki, na waliompiga vita si maadui, ni sisi tuliokuwa tunampenda.

Kwa upande wa elimu, marehemu alisoma chuoni kwa mwalimu wa kijiji hadi akahitimu msahafu, na mwaka 1945 aliingia shule ya msingi, akamaliza darasa la nne mwaka 1948, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kunyamaza.

Tarehe 5 Juni 1953, siku ya Ijumaa, alifunga ndoa na Bwana Safari Ahmada, mchukuzi wa bandarini Tanga, ambaye ni babu yetu huyu aliyeegemea nguzo, wakahamia hapa Usagara, wakajaaliwa watoto wawili, Bi Suhaila mwaka 1955 na Bwana Ayubu, baba yangu, mwaka 1959. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha upishi wa shughuli, na kuanzia mwaka 1958 hapakuwa na harusi yenye heshima kuanzia Usagara hadi Moa iliyopikwa na mikono mingine, pilau yake ilinukia mtaa wa tatu, bokoboko lake lilivutika kama mpira, halua yake iliwafanya watu wazima wafiche vipande mifukoni wakisingizia wajukuu, nasi wajukuu hatukuwahi kuviona.

Ugonjwa ulimwanza mwezi Machi 1977, kiu isiyokatika, haja ndogo kila mara, na sisimizi waliojipanga msalani kila alipotoka, mpaka wifi yake Bi Kijakazi, dada wa babu, aliyepo hapo dirishani na asijifanye anapangusa machozi, akamwambia, "Wifi, hata wadudu wanakusifu kwa utamu." Hospitali walimpima, wakamwambia ni sukari, wakampa vidonge, wakamkataza sukari, soda, vyakula vya ngano, na wali wa kujaza sinia. Mtu mwingine angelia, yeye aliuliza swali moja tu, kama akitii atabaki na miguu, daktari akamjibu kwamba akitii sana huenda.

Hapo ndipo karaha ilipoanza, maana ninyi nyote mnajua desturi yetu, mpishi wa shughuli huchota wa kwanza, akala mbele ya watu, ndipo sinia zikatoka, ili ijulikane chakula ni salama na mpishi ana moyo mweupe. Marehemu alipika kwa pua na kwa sikio, alijua pilau imeiva kwa mlio wake chini ya mkaa, hakuhitaji ulimi, lakini desturi haina masikio. Katika harusi moja hapa Usagara, mwezi Novemba 1981, aliepua halua, akafuta mikono, akakataa kuonja. "Mpishi gani haonji?" akauliza Bi Kijakazi kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika msikitini, "humo mna nini ambacho mwenyewe anakiogopa?" Marehemu akasema ana sukari, daktari amemkataza. "Kidogo tu, wifi, kidogo hakiui." Akasema hata kidogo hataki. Basi halua ile haikuliwa, ilimwagiwa kuku, na kuku walinenepa, lakini hilo halikusimuliwa na mtu, kilichosimuliwa ni kwamba Bi Mboni anaweka vitu kwenye vyungu vya watu. Wanawake waliokula mkononi kwake miaka ishirini na zaidi wakawa wanavuka barabara wakimwona.

Tangu siku hiyo hakuitwa popote, mpaka ilipofika harusi ya binti wa jirani, mwezi Agosti 1982, wapishi wawili wakaunguza majaribio, wenye shughuli wakaja usiku wakijificha nyuso kana kwamba wanakwenda kwa mganga. Marehemu alikwenda. Wakati wa kuonja ulipofika na macho yote yakamgeukia, babu, mwanamume mwenye kifua cha kubeba magunia, akaingia uani katikati ya wanawake, jambo ambalo mwanamume wa hapa halifanyi hata nyumba ikiungua, akanyoosha mkono. "Nipeni mimi huo upawa. Kama kuna sumu nitatangulia, apate kupumzika, miaka yote hii ananilalamikia nakoroma." Wakacheka, akala, akaongeza, akaomba mkate wa kufutia sufuria. Walimwita mume wa jikoni, bandarini wenzake walimvisha kanga kwa mzaha, lakini hakuacha, kila shughuli alisimama pembeni ya mafiga akaonja kwa niaba ya mkewe, na anayetaka ushahidi alitazame tumbo lile pale nguzoni, lile si la uzee.

Miaka hiyo ndiyo ile ya dhiki, hakuna sabuni, hakuna mafuta, sukari inagawiwa kwa balozi wa nyumba kumi na watu wanang'oana kanzu kwenye foleni, na wote waliomnyanyapaa marehemu kwa kutokula sukari sasa walikuwa hawali sukari, tofauti ni kwamba wao walinuna. Tena walianza kumkumbuka, hodi, Bi Mboni, mgao wako wa sukari si huutumii. Aliwapa, na hakumsema mtu, mimi ndiye ninayesema. Vidonge navyo vilipotea hospitali, akabaki na chungu chake tu, akatumia dona, kunde, choroko, samaki wa kuchoma na mboga ya mchunga, ule mchungu hasa, aliokula huku amefumba macho na kuutukana kwa Kidigo, kwa sababu aliuchukia mpaka siku ya mwisho, na atakayewaambia kwamba aliuzoea ni mwongo.

Mwaka 1984 ulipoletwa unga wa njano na maziwa ya unga ya msaada, tumbo lake likavimba kama ngoma, likaharisha, ngozi ikamtoka vipele, waganga watatu wakala kuku watatu wasiseme lolote la maana. Yeye akafanya alivyokuwa akifanya akiharibikiwa na pishi, aliondoa kila kitu, akarudisha kimoja kimoja, chakula kimoja peke yake mpaka ajue kimemfanya nini, ndipo akagundua kwamba unga wa watu alikuwa akiusingizia, aliyemharibu tumbo ni maziwa, aliyemtoa vipele ni kamba wa baharini, na kwamba ndizi mbichi ya kuchemsha ilimwacha salama, lakini ikiiva tu, kiu ileile. Hivyo alipita katikati ya dhiki akiwa mwembamba, mkali, ana miguu miwili, na nathubutu kusema njaa ya nchi ilimtunza kuliko ndugu zake.

Maana ruksa ya biashara ilipokuja, bidhaa zikamwagika madukani, biskuti, soda, mafuta ya kopo, na pamoja nazo ikarudi ile huruma yetu inayotia kinyaa. Mwezi Mei 1990 marehemu alijikwaa jiwe la mafiga, kidole cha mguu wa kushoto kikachubuka, kikawa kidonda, kikanuka, na tarehe 2 Julai akalazwa. Wageni hawakuja mikono mitupu, walikuja na kreti za soda, keki, maembe, na kila mmoja na wimbo uleule, kidogo tu, Bi Mboni, upate nguvu. Akakataa vyote, akanywa uji wa dona aliokuwa akiletewa na wifi yake kwenye chupa ya chai, na kidonda kikazidi kupanda, daktari haelewi, marehemu haelewi, mpaka daktari akatamka kwamba mguu ukatwe. Siku hiyo Bi Suhaila alikunywa funda la uji ule akautema sakafuni, ulikuwa mtamu kama sharubati. Bi Kijakazi alipoulizwa alilia kwamba alimwonea huruma, mgonjwa gani anyweshwe uji mkavu kama mfungwa, akatia sukari na kuificha kwa ndimu, naye marehemu kwa homa ya kidonda ulimi wake ulikuwa haujui tena ladha.

Marehemu hakupiga kelele, alimtazama wifi yake, akasema, "Kijakazi, mwaka ule ulisema mimi ndiye ninayeweka vitu kwenye vyungu vya watu." Kisha akamgeukia daktari akamwomba amwachie mguu kwa muda, akaapa hatameza kitu ambacho hakikupikwa na Suhaila, na daktari, Mungu amzidishie, akamwachia. Kidonda kilichelewa, kikakaidi, kikafunga mwezi Desemba 1990, akarudi nyumbani kwa miguu yake, babu kamshikilia mkono mchana kweupe.

Mwaka 1992 Bi Kijakazi naye alianza kiu, naye sisimizi wakampokea msalani, na mimi, sifichi, nilicheka. Marehemu hakucheka, alimtengea chungu chake pembeni, akampikia kunde na mchunga, akamfundisha kuondoa kimoja na kurudisha kimoja, na Bi Kijakazi alipolalamika kwamba mchunga ni mchungu, alimjibu, "Kula, wifi, tukane, kisha ule tena."

Mwezi Septemba 1993 figo za marehemu zilianza kuchoka, akavimba uso, akawa akilazwa na kutoka, na jana, Jumatano tarehe 8 Juni 1994, saa kumi alasiri, alifariki nyumbani, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Waliomwosha asubuhi hii wamenipa ruhusa ya kuwatangazia kwamba ameoshwa mzima, kulia na kushoto, na leo anakwenda shimo moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyeweza kuushusha msumeno, wapishi wenzake ambao tangu jana hawajalala, wachukuzi wa bandarini waliomcheka babu kisha wakachanga kwa ajili ya sanda, na majirani wote, hata wale wa kuvuka barabara, kwani leo mmeivuka kuja upande wetu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu saba, na wosia mmoja alioniachia mimi kwa kuwa alijua sina haya, nao ni kwamba pilau ya msiba itakapotoka, sahani ya Bi Kijakazi imefunikwa peke yake jikoni, ina dona na kunde, na yeyote atakayemsogelea kumwambia aonje kidogo tu, nimepewa amri nimtoe nje ya uzio, mzee au kijana, na mnanijua, nitamtoa.

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Lala kwa amani, Bibi, sahani yako imeondolewa, na hakuna atakayekuongezea.