Barua Ilale Kwanza: Kumuaga Mwalimu Tryphena Mghoi

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Mwalimu Tryphena Mghoi anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya ualimu. Ishirini na saba kati ya hiyo ameitumikia shule yetu hapa Voi, akifundisha Kiswahili na kuongoza idara ya ushauri nasaha. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Mwandawiro, naibu wa mwalimu mkuu, niandike maneno machache ya kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa kusema kweli nina majuto mengi kuliko furaha, na sababu mtaiona.

Nianze na njegere. Kila Jumatatu Madam alishuka kutoka kwao Werugha, kwenye baridi ya milimani, na sweta mbili mwilini. Moja aliivua Mwatate, ya pili langoni mwa shule, huku joto la Voi likimpokea na yeye akililalamikia kama mgeni. Mkononi alishika mfuko wa njegere za shambani kwake. Mwanafunzi aliyeingia ofisini kwake hakuulizwa swali lolote. Alipewa sinia, akaambiwa amenye. Madam alimenya upande wa pili, kimya, mpaka mtoto mwenyewe aanze kusema. Walimu tulikula wali wa njegere kila Jumanne na hatukuwahi kuuliza ni machozi ya nani yaliyoingia humo.

Mwanafunzi mmoja, Miraj, alidhani amempata. Akiwa kidato cha pili alijizulia huzuni mara tatu ili akwepe hesabu. Mara ya nne Madam akampa mfuko mzima. Jamani, kijana alimenya hadi uongo ukamwishia, ndipo akasema la kweli, kwamba baba yake alikuwa ameihama nyumba na hakuna aliyejua alipo. Leo Miraj ni muuguzi, na ameahidi kuleta mahamri ya mama yake siku ya sherehe.

Kisha kuna droo. Madam alituwekea desturi ambayo haimo katika kanuni yoyote ya wizara. Barua ya kumfukuza mwanafunzi kwa muda, hata ikiwa na sahihi na muhuri, ni lazima ilale usiku mmoja kwenye droo ya meza yake. Asubuhi aliyeiandika huja kuifungua na kuisoma mwenyewe. Akiwa bado anaitaka, inakwenda. Wengi wetu tulizichana palepale. Ukimwendea umefura kwa hasira, alikuwa akinyoosha mkono tu na kusema, "Barua ilale kwanza, Mwandawiro."

Sasa nifike kwa Shanice. Ilikuwa Februari 2018, nami nilikuwa naibu mpya mwenye hamu ya kuonekana mkali. Shanice wa kidato cha tatu, mtoto wa kijiji cha Mata kule mpakani, alichelewa kurudi kutoka likizo fupi kwa siku tano. Nilipomuuliza sababu, alitazama sakafu. Madam alikuwa Wundanyi kwenye semina. Niliandika barua saa nne asubuhi, na kufikia saa saba msichana alikuwa nje ya lango na sanduku lake. Barua ile haikulala hata kidogo.

Madam aliporudi alienda Mata Jumamosi ileile. Kumbe mama yake Shanice alikuwa hoi kitandani, na binti ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Sinia moja ya njegere ingeniambia hayo. Madam alikwenda mara ya pili, akaenda na ya tatu. Mara ya tatu alikuta mama amezikwa na Shanice amevuka mpaka kutafuta kazi za nyumbani. Hakurudi shuleni tena.

Bodi ya shule iliuliza kwa nini mwanafunzi aliondolewa bila ushauri. Madam akasimama na kusema barua ililala kwake na yeye akaipitisha. Ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano. Pendekezo la kumpandisha cheo likawekwa kando mwaka ule, na halikuinuliwa tena. Mkutano ulipoisha nilimkimbilia nje kumuuliza kwa nini. Alisema wangenihamisha, halafu aje mwingine ambaye naye angehitaji kumpoteza mtoto ndipo ajifunze. Wewe umeshajifunza, akasema, kaa hapa. Nikashukuru, nikanyamaza miaka saba. Niliogopa, basi. Sina jina lingine la kuliita jambo hilo.

Wiki iliyopita nilimwandikia mwenyekiti wa Bodi barua inayosema ukweli wote, ili jina la Madam lisafishwe kabla hajaondoka. Nilimpelekea kwanza Madam aisome. Alivaa miwani, akasoma, akasema ati hayo ni mambo ya zamani. Nilipong'ang'ana, akacheka, akaitia barua kwenye droo, akafunga. Kisha akanikabidhi ufunguo, na sinia. Nilimenya njegere mpaka kengele ya jioni, nikasema hata yale ambayo sikuweza kuyaandika.

Asubuhi niliifungua droo na kuisoma tena. Sikubadilisha hata neno moja. Mnaposoma haya, barua iko mezani kwa Bodi, na litakalokuja nitalipokea. Halitamrudishia Madam cheo chake, wala halitamrudisha Shanice darasani. Ufunguo ninao, na barua zitaendelea kulala.

Asante, Madam, kwa watoto wote uliotuzuia tusiwapoteze, na kwa yule mmoja uliyemfuata hadi Mata. Ukapumzike salama Werugha, sweta zote mbili mwilini, na Mungu akuongezee miaka. Njegere zikikomaa, usitusahau. Sinia ipo, na wa kwanza kwenye foleni ni mimi.