Nafasi za Watu wa Nje

Fundi cherehani alikuwa njiani kwenda mazoezi ya kwaya, joho mapajani, akimmwagia hasira zake muuza vioo aliyeketi naye ndani ya basi. "Mwaka mzima napasua koo kanisani kwao ili mwanangu aingie shule yao, halafu wanamnyima! Eti nafasi za waumini zimejaa."

"Pole, dada. Wangu kapata, na sisi kanisani hatukanyagi. Wametenga nafasi kumi za watu wa nje, wasije wakaambiwa wanabagua. Tumeomba wanne tu."

"Kwa hiyo sita bado ziko wazi?"

"Mpaka kesho."

Basi likasimama mbele ya kanisa. Wanakwaya wakampungia mkono.

"Dada, si unashuka hapa?"

Fundi akalisokomeza joho chini ya kiti. "Mimi? Kanisa lenyewe hata silijui."