Jipu, Mtumbwi na Mkamwana Wangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mchungaji amenipa kiti nikakirudisha, msidhani ni kiburi. Nitashuhudia nimesimama, kwa sababu kukaa bado sijaruhusiwa.

Mnajua tulikotoka. Kijiji chetu hakikuwa na zahanati. Mgonjwa alivuka Mto Songwe kwenda kutibiwa Malawi, na mto ukijaa aliugulia ukingoni akiitazama Malawi kwa macho tu. Tukachoma matofali, akina mama wakabeba mchanga, nami nikawa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Jengo likasimama, lakini halina mhudumu. Nikafunga siku tatu nikimwomba Mungu atuletee muuguzi. Ndugu zangu, Mungu akasikia, akamleta Atupele, mke wa mwanangu Ambakisye, yule anayefanya biashara Tunduma.

Sasa sisi Wandali mnatujua. Baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemezani. Nikimwona Atupele njiani, mimi naingia kwenye mahindi upande huu, yeye anaingia upande ule. Miaka sita tumekanyaga mahindi ya watu. Kwa hiyo zahanati niliyoihangaikia, mimi peke yangu ndiye niliyeshindwa kuingia.

Likaja jipu. Mwili wote huu, likachagua mahali pa kukalia. Siku ya nne homa ikapanda, nikawa natetemeka juani. Mke wangu akasema, "Baba Ambakisye, twende kwa Atupele."

Nikamwambia, "Bora nife na heshima yangu."

Akanijibu, "Basi nionyeshe suti ya kukuzikia, niifue mapema."

Nikashika njia ya mtoni, nivuke kama zamani. Mwenye mtumbwi akaniambia, "Mzee, kaa." Nikamwambia mimi nitasimama. Akasema, "Mtumbwi hausimamiwi, mzee. Ukae au ubaki."

Nikakaa. Ndugu zangu, nilikiona cha mtema kuni. Sikumbuki kingine.

Nilizinduka nimelala kifudifudi ndani ya zahanati. Mwenye mtumbwi na wenzake ndio walionibeba. Mke wangu alikuwa ametundika shuka kati yangu na Atupele, naye amesimama pembeni apeleke maneno.

Nikasikia, "Mama, mwambie baba hili jipu lipasuliwe sasa hivi. Sumu ikiingia kwenye damu tutampoteza."

Mke wangu akaanza kunirudia yote. Nikasema, "Mwambie nimesikia, si niko hapa hapa?"

Basi mke wangu akakiona kile kisu kidogo, akatoka mbio mpaka nje. Tukabaki wawili na shuka letu. Hakuna wa kupeleka neno. Nikaona kweli leo nakufa kwa adabu.

Shuka likafunuliwa. "Baba, unisamehe," akasema. "Usitikisike."

Miaka sita, hayo ndiyo maneno ya kwanza mtoto yule kuniambia. Nikamjibu, "Mwanangu, sitikisiki," nikatikisa kitanda kizima. Nililia, na msidhani ni kisu tu kilichoniliza. Niliona aibu. Nilimwomba Mungu msaada, msaada ukaja mpaka nyumbani kwangu, mimi nikaukimbia kwenda ng'ambo. Atupele alikaa nami hadi homa ikashuka, akinipima na kunichoma sindano, na hakuna mahindi ya kujificha mle ndani. Jana tumesalimiana njiani. Kila mmoja aliangalia miguu yake, lakini tumesalimiana.

Namshukuru Mungu, niko hai. Namshukuru mkamwana wangu mbele yenu wote. Na akina baba nawasihi: mkimwomba Mungu msaada, msimchagulie wa kumtuma. Mwenye ugonjwa wa aibu asiufiche mpaka umfiche yeye.

Na wewe mzee wa kanisa wa benchi la tatu, tangu ibada ianze umekalia upande mmoja tu. Mkao huo naujua. Kesho saa mbili asubuhi nitakupitia nyumbani twende wote, Atupele ana mkono mwepesi. Amina.