Kofia Isiyopigwa Risasi

Gogo letu la kahawa liko kwenye kona ya handaki, mbele ya mji wa Petersburg. Miezi tisa tumelikalia sisi askari weusi wa jeshi la Kaskazini, tunaopigana na waasi wa Kusini wanaotetea utumwa, tukitwanga kahawa kwa kitako cha bunduki na kuloweka biskuti ngumu mpaka wadudu waelee juu. Kila asubuhi, kabla ya kunywa, tunachomeka kofia kwenye fimbo na kuiinua juu ya ukingo. Mdunguaji wa waasi anaitoboa, tunamtukana kidogo, ndipo siku inaanza. Kofia yenyewe imebaki matundu matupu. Leo Birika kaiinua, na hakuna aliyepiga.

Birika ndiye mlinzi wa chombo cha kahawa, jina likamganda. Mkewe, Dorcas, yuko utumwani humo humo mjini, nyuma ya handaki la waasi, karibu na kanisa ambalo mnara wake tunauona tukithubutu kuchungulia. Yeye alitoroka, mke akakamatwa njiani. Mwaka wa tatu sasa.

Aliishikilia ile kofia mpaka mkono ukamchoka.

— Jamaa kalala, akasema Wakili, ambaye hajawahi kushindwa hoja, hata akiwa hana.

— Mdunguaji halali. Kaishiwa risasi, akajibu Shemasi, anayetuombea kabla ya kula.

— Na wenzake wote wameishiwa siku moja?

— Basi wanachimba chini yetu, watulipue. Sikiliza.

Tukasikiliza. Lilikuwa tumbo la Wakili. Naye kwa kuona aibu akadai kwamba waasi wamelewa harufu ya kahawa yetu, maana wao kahawa hawana, wanakunywa mahindi ya kukaanga. Shemasi akasema hapana, wameokoka, wote wako mtoni wanabatizwa. Mimi nami, nisipitwe, nikasema wamezunguka wakati wa giza na sasa wamesimama nyuma yetu. Tukageuka wote wanne, watu wazima na bunduki zetu. Nyuma alikuwapo Absalom tu, askari mzee mwenye mvi aliyeletwa jana kutoka Ohio, akipuliza kikombe chake.

Birika akavaa ile kofia, akachukua chombo chake, akaanza kupanda ukingo. Nikamshika buti. Watu wangapi tumewaona wakipanda hivyo, wakarudi wamebebwa?

— Niachie, ndugu yangu, akasema taratibu. Kama wameondoka, wanaweza kuwa wanaondoka na Dorcas.

Nikaachia. Tukamfuata mbio, migongo imepinda, vichwa vimezama mabegani. Tukaruka handaki lao: majivu ya moto, kiatu kimoja, kiti cha mdunguaji kikiwa wazi. Hakuna mtu; wamekimbia usiku. Tukaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye barabara ya mji, tumejikunja kama tunatafuta sindano. Absalom alikuwa anatembea katikati ya njia, wima, na kikombe mkononi.

— Samahani wenzangu, akauliza, mbona mmeinama?

Birika ndiye aliyeanza kujinyoosha, polepole, mgongo ukalia. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Tukasimama wima wote, mchana kweupe, jua usoni, na hakuna aliyetupiga. Furaha ilinipanda.

Watu weusi wenzetu walikuwa wanatoka majumbani, wanalia na kucheka. Mwanamke mmoja chini ya mnara wa kanisa akaita:

— Enos!

Hatukujua anamwita nani. Birika ndiye aliyesimama ghafla, kofia ya matundu kichwani.

Dorcas hakumkumbatia kwanza. Alimgusa kifua, mikono, kichwa, akaingiza kidole katika tundu moja baada ya jingine la kofia, mpaka akahakikisha kichwa chenyewe ni kizima. Ndipo akamshika, na sisi tukatazama pembeni. Baadaye akachukua kile chombo, akapiga funda, akakunja uso.

— Hii kahawa yenu ni mbaya, akasema.

Miezi tisa tumebishana juu ya kila kitu. Hapo hakuna aliyebisha.