Jiwe la Mektilda

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1974, saa mbili asubuhi, lori la Operesheni Vijiji lilikuja kutuhamisha, likasimama uani kwetu. Vijana walipakia vitanda, kuku na mlango. Jiwe la kusagia la mke wangu Mektilda walilikataa: lori halibebi mawe. Alipanda na lile dogo la mkononi tu, akalipakata mpaka hapa Ushirombo. Mwaka jana, Kwaresima, Mungu alimchukua. Jumapili hii Padre atabariki kaburi lake, na mimi nilitaka lile kubwa likae upande wa kichwa chake. Jana wenzangu wa benchi la kahawa, Thobias tunayemwita Redio na Ngassa tunayemwita Injinia, walinisindikiza kwenye matongo yetu ya Bukombe, pale tulipohamishwa. Tulirudi mikono mitupu.

— Limeibwa, Redio alitangaza leo asubuhi. Wachimbaji wa Geita wanasagia dhahabu.

— Jiwe la mtama lisage dhahabu? Injinia akauliza.

— Saa hizi kuna mtu ana meno ya dhahabu kwa jasho la shemeji yetu!

— Acha uongo. Jiwe zito huzama, Injinia akasema. Liko chini huko, limekaribia almasi za Songwa.

— Limetembea kutoka Bukombe mpaka Songwa?

— Chini kwa chini, bwana. Wewe mambo ya ardhi hujasomea.

— Na wewe umesomea wapi?

— Nilisukuma gari la mpima madini.

— Kumbe ndiyo uinjinia wenyewe!

Kahawa ilinipoa mkononi.

Apolonia, jirani yetu, akapita na ndoo kichwani.

— Shikamooni, kaka zangu. Baba Coletha, mlilipata?

— Marahaba, nikaitikia. Hatukulipata. Tulitafuta kila jiwe lililobonyea.

— Lililobonyea? Mwanamke akihama hulilaza jiwe lake kifudifudi, maji ya mvua yasituame. Mlipindua mangapi?

— Hata moja hatukupindua, Redio akajibu.

— Lile bapa, nikamwambia Injinia polepole. Ulilokalia ukila viazi.

— Na nililisifu! Nilisema limetulia vizuri.

— Twende tukalipindue, Redio akainuka. Injinia abaki nyuma, asije akalikalia tena.

Ee Bwana, umpokee Mektilda, aliyelifunika jiwe lake akijua atarudi. Umpe raha isiyo na kuhamishwa. Amina.